Kuandaa malengo na ithibati ya shahada ya uhandisi wa ujenzi Bukavu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa shefu wa departema, dekani na maasistanti wa Bukavu waliopewa kazi ya kuandika malengo ya shahada ya uhandisi wa ujenzi na kutayarisha faili ya ithibati. Mara nyingi kazi hii inaanzia pasipofaa. Watu wanakaa siku kadhaa wanaandika ukurasa mzuri wa malengo, wanaubandika mbele ya orodha ya masomo iliyokuwapo toka zamani, kisha wanapeleka. Mkaguzi akifika, ukurasa ule anaupitia haraka. Anachoomba ni karatasi za mitihani, madaftari ya labo na miradi ya mwisho, ili aone kama mwanafunzi anayetoka hapa anaweza kweli kufanya kile kilichoandikwa. Lengo lisiloonekana kwenye karatasi ya mwanafunzi litahesabiwa kuwa halipo. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Tenganisheni karatasi tatu ambazo watu wanazichanganya

Ya kwanza ni agrema ya leta: ruhusa ya chuo kufundisha na kutoa diplome. Kwa vyuo vya binafsi nchini Kongo inaanza na arete ya waziri na kukamilika kwa dekree ya Rais. Ya pili ni ithibati ya programu: shirika la wataalamu linachunguza shahada moja, katika chuo kimoja, na kusema kwamba inafikia kiwango fulani. Ya tatu ni kuandikishwa kwa mhandisi mwenyewe, mtu mmoja mmoja, na bodi ya nchi anakofanya kazi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo peke yake halimpi injenia wa Bukavu haki ya kutia sahihi michoro Kampala au Nairobi. Bodi ya kule itauliza diplome yake ina uzito gani, na hapo ndipo ithibati inapomsaidia.

Kabla ya kuandika sentensi moja ya malengo, kusanyeni makaratasi haya: dekree au arete ya chuo, ruhusa ya filieri (mkondo wa masomo) yenyewe ya uhandisi wa ujenzi, palmaresi (orodha za matokeo ya wanafunzi) za kila mwaka zilizopelekwa wizarani, na uthibitisho kwamba diplome zilizokwisha kutolewa zimehomologiwa, yaani zimetambuliwa rasmi na leta. Ruhusa ya filieri ndiyo inayosahaulika. Chuo kinaweza kuwa na dekree safi kabisa, kikafungua filieri mpya bila ruhusa yake, na wanafunzi wakalijua tatizo siku wanapopeleka diplome kuhomologiwa. Karatasi moja ikikosekana, simamisheni kazi ya ithibati mpaka ipatikane. Mashirika ya nje yanaanzia hapo hapo: ABET, shirika la ithibati la Marekani, kwa mfano, haipokei programu ya nje ya nchi yake mpaka mamlaka ya elimu ya nchi husika ikiri kwamba inajua ombi hilo.

Hatua ya 2: Amueni ngazi

Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta) lisansi ni miaka 3 na kredi 180, masta ni miaka 2 na kredi 120. Injenia wa zamani wa miaka 5 analingana na jumla ya hizo mbili. Hii inabadilisha mlango wa kubisha.

Mkataba wa Washington, ambao wanachama wake wanatambua ithibati za wenzao, ulisainiwa mwaka 1989 na mashirika ya ithibati ya Australia, Kanada, Ayalandi, Nyuzilandi, Uingereza na Marekani. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999 kupitia ECSA, baraza lake la uhandisi, Kongo haimo. Unahusu shahada za wahandisi kamili, ambazo kwa kawaida zinachukua miaka 4 au 5 baada ya sekondari. Mkataba wa Sydney wa mwaka 2001 unahusu wateknolojia wa uhandisi, kwa kawaida miaka 3, na ule wa Dublin wa mwaka 2002 unahusu mafundi wa kati. Kwa hiyo lisansi ya miaka 3 peke yake, hata iwe nzuri namna gani, kwa umbo iko karibu na Sydney kuliko Washington. Ulaya kuna mlango mwingine: alama ya ithibati ya EUR-ACE ina ngazi ya kwanza inayokubali programu kuanzia kredi 180, na ngazi ya masta juu yake. Ufaransa wana CTI, tume ya diplome za mainjenia, iliyoundwa kwa sheria ya 1934, na yenyewe inatazama diplome ya injenia ya miaka 5.

Pimeni pia uzito wa masomo. ABET inataka angalau kredi 30 za Kimarekani za hesabu na sayansi za msingi, na angalau 45 za masomo ya uhandisi yenyewe. Kredi moja ya kule, kwa makadirio, ni sawa na mbili za LMD. Hesabu inatoka 60 na 90, jumla 150. Katika lisansi ya 180 zinabaki 30 za lugha, uchumi, maadili, staji na mengine yote. Ni nafasi finyu sana, na ndiyo sababu tunawashauri wengi waandike malengo ya lisansi na masta pamoja kama njia moja ya miaka 5, kisha waombe ithibati kwa njia nzima. Departema inayotaka lisansi peke yake iseme wazi kwamba inafunza ngazi ya kwanza, na isiwaahidi wazazi kitu kingine.

Hatua ya 3: Andikeni malengo ya aina mbili, msiyachanganye

Malengo ya programu yanasema mhitimu atakuwa anafanya nini miaka michache baada ya kumaliza. Matano yanatosha, matatu ni bora. Matokeo ya masomo yanasema mwanafunzi anaweza kufanya nini siku anayomaliza. Kosa la kawaida ni kuandika orodha moja na kuipa majina mawili.

Lengo baya linasikika hivi: «Kutoa wahandisi wenye ubora wa kimataifa wanaochangia maendeleo ya Kongo.» Hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwamba limetimia au halikutimia. Lengo linalofaa kwa Bukavu: «Miaka mitatu hadi mitano baada ya kumaliza, wahitimu wetu wanasimamia ujenzi wa majengo na kuta za kuzuia udongo kwenye miteremko, wanasoma ripoti ya udongo na kuchagua msingi unaoifaa, na wanaweza kujibu kwa maandishi kwa nini walichagua hivyo.» Hilo mnaweza kulichunguza kwa kuwapigia simu wahitimu na wakubwa wao wa kazi.

Malengo hayaandikwi na departema peke yake. Iteni Office des Routes (barabara kuu), OVD (barabara za mji na mifereji), Régideso (maji), kampuni mbili au tatu za ujenzi, wahitimu wa miaka tofauti, na mtu wa mairi anayeshughulikia vibali vya kujenga. Wapeni rasimu wiki moja kabla. Andikeni mhutasari wa mkutano wenye tarehe, majina, na hasa sentensi zilizobadilishwa kwa sababu ya maoni yao. Mkutano ambao rasimu ilitoka kama ilivyoingia haumshawishi mkaguzi. Rudieni kila miaka mitatu.

Na muulize mji wenyewe unadai nini. Bukavu imejengwa juu ya miteremko ya udongo wa mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza, mvua ni nyingi, na mtaani Funu, katika komini ya Kadutu, ardhi imekuwa ikitembea miaka mingi. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba huku na ng'ambo, Rwanda. Mwezi wa Mei 2023 mafuriko na matope yaliua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, kwenye teritwari ya Kalehe. Programu ya uhandisi wa ujenzi hapa ambayo uthabiti wa miteremko, mifereji ya maji ya mvua na matetemeko vimewekwa kama masomo ya hiari, malengo yake hayajasikia mahali ilipo.

Kwa matokeo ya masomo si lazima kubuni. ABET ina saba: kutatua matatizo magumu kwa hesabu na sayansi, kubuni kitu kinachotimiza haja huku ukizingatia usalama wa watu, mazingira, uchumi na utamaduni, kuwasiliana na watu wa aina mbalimbali, kutambua wajibu wa kimaadili, kufanya kazi katika kundi, kufanya majaribio na kutafsiri takwimu zake, na kujifunza mambo mapya mwenyewe. Chukueni hayo saba, yaandikeni kwa Kifaransa chepesi, na ongezeni moja lenu kama kuna sababu. Kila linaloongezwa litabidi lipimwe kila mara, kwa hiyo msiwe wakarimu.

Hatua ya 4: Chora jedwali la masomo na matokeo

Safu za kushuka ni matokeo saba. Safu za kwenda upande ni masomo. Katika kila kisanduku andikeni herufi moja: A kama jambo linaanzishwa, K kama linakuzwa, P kama linapimwa na karatasi zinahifadhiwa. Kisanduku tupu ni sawa kabisa.

Jedwali likijaa alama kila mahali, limeharibika. Mwalimu akiulizwa «somo lako linagusa maadili?» atajibu ndiyo, na wote wakijibu hivyo hakuna anayefundisha. Kila tokeo lipate P mbili au tatu tu, na zote ziwe katika miaka ya mwisho. Tokeo lenye A bila K linaonyesha pengo. Somo lisilo na herufi yoyote liulizwe kwa nini lipo.

Hakikisheni pia masomo yanafikia angalau sehemu nne za fani: miundo, udongo na misingi, maji, barabara, mazingira, au usimamizi wa shantie (mahali pa ujenzi). Takwimu na uwezekano visikosekane; bila hivyo mwanafunzi hawezi kueleza kwa nini sampuli tatu za betoni hazitoshi kuhukumu jengo zima. Kuhusu kanuni za hesabu, wengi hapa bado wanafundisha betoni kwa BAEL 91, kanuni ya zamani ya Ufaransa. Inafaa kama mlango, lakini Ufaransa yenyewe imehamia Eurocode, kanuni za Ulaya, na kwenye Bonde la Ufa mwanafunzi asiyefungua Eurocode 8, ile ya matetemeko, anamaliza akiwa na upungufu.

Hatua ya 5: Labo

Hapa ndipo faili nyingi zinaanguka, na si kila mara kwa kukosa pesa.

Kwa udongo mnahitaji: seti ya machujio kuanzia 63 mm hadi 0.063 au 0.08 mm, kikombe cha Casagrande (cha kupima unyevu ambao udongo unaanza kutiririka) na vifaa vyake, moldi na nyundo za Proctor za kushindilia (ya kawaida ni 2.5 kg, inaanguka 305 mm), mashine ya CBR (ya kupima uwezo wa udongo kubeba mzigo), kisanduku cha mkato, odometa (ya kupima udongo unavyobonyea), tanuri ya 105 °C, na mizani miwili, mmoja wa kusoma 0.01 g. Kwa betoni: koni ya Abrams ya kupima ulaini wa betoni mbichi (urefu 300 mm, chini 200 mm, juu 100 mm, inajazwa kwa tabaka tatu, kila moja inachomwa mara 25), moldi, beseni la kuhifadhia sampuli majini kwenye nyuzi karibu 20, na presi ya kuvunjia sampuli. Presi ya ukubwa gani? Silinda ya 16×32 cm ina eneo la karibu 20,100 mm²; kuivunja kwa 25 MPa kunahitaji karibu 503 kN. Mchemraba wa 150 mm kwa nguvu hiyo hiyo unahitaji 562.5 kN. Presi ya 2,000 kN inatosha hata kwa betoni kali. Ya 500 kN itawaacha njiani. Kwa upimaji ardhi: nivo kadhaa, stesheni kamili angalau mbili, na GPS.

Kisha hesabuni zamu. Wanafunzi 60 katika makundi ya watano ni makundi 12. Kama kuna kikombe kimoja cha Casagrande na kipindi ni saa tatu, makundi mawili kwa siku, zoezi moja linakula siku sita. Departema inayoandika kwamba zoezi hilo linafanyika «Jumatatu asubuhi» inakiri kwamba mmoja anafanya na 59 wanatazama. Mkaguzi anapiga hesabu hiyo hiyo akiwa amesimama mlangoni.

Umeme ni tatizo linalojulikana. Sampuli ya udongo ikikaa tanurini usiku kucha na umeme wa SNEL ukakatika saa nane za usiku, asubuhi inaonekana kavu na siyo kavu. Kiwango cha maji kinatoka kidogo kuliko ukweli. Dawa si kuandika «saa 24» kwenye daftari. Pimeni, rudisheni tanurini, pimeni tena, mpaka uzito usibadilike zaidi ya 0.1%. Kwa udongo wetu kuna jambo la ziada: udongo uliotokana na mawe ya volkano unaweza kubadilika tabia ukikaushwa kwa tanuri, na mipaka ya Atterberg (viwango vya unyevu ambavyo udongo unabadilika hali) ikatoka tofauti. Anzeni na udongo wenye unyevu wake wa asili, mkiukausha hewani kidogo kidogo, na andikeni mlivyoutayarisha.

Mambo mengine yanayoangusha labo ni madogo. Presi haijasawazishwa miaka mingi. Cheti chake kiwe cha ndani ya mwaka mmoja na kibandikwe ukutani. Ufunguo uko kwa mtu mmoja ambaye amesafiri. Hakuna daftari la matumizi ya vifaa. Hakuna helmeti, glavu, wala kizimamoto. Yote haya yanarekebishwa kwa gharama ndogo.

Kifaa kisichopatikana kinaweza kutumiwa kwenye labo ya nje kwa mkataba wa maandishi. Mkataba useme siku ngapi kwa mwaka, makundi mangapi, na kwamba wanafunzi ndio wanaofanya jaribio. Mkataba usio na orodha za mahudhurio zilizosainiwa hauna nguvu.

Hatua ya 6: Mradi wa mwisho

Memwari ya kawaida inaandikwa na mwanafunzi mmoja, na nyingi zinaeleza hali bila kubuni chochote. Ithibati inadai kitu kingine: mradi mkubwa wa kubuni unaotumia masomo ya nyuma, kanuni za uhandisi, na masharti kadhaa yanayovutana. Undeni makundi ya watatu hadi watano. Wapeni eneo la kweli, na wadai haya: vipimo vya udongo walivyofanya wenyewe, suluhisho mbili zilizolinganishwa, hesabu, michoro, devi (makadirio ya gharama), ratiba ya shantie, na kurasa chache kuhusu majirani na mazingira. Kila mmoja atie sahihi sehemu yake.

Ukuta wa kuzuia udongo Kadutu au Bagira ni mradi mzuri kwa sababu unafichua haraka nani ameelewa. Chukueni ukuta wa mita 3, udongo wa 18 kN/m³ wenye pembe ya msuguano ya 30°. Mgawo wa msukumo ni 1/3, na ukuta mkavu unasukumwa na 27 kN kwa kila mita ya urefu wake. Sasa mvua imenyesha, matundu ya kutolea maji hayapo au yameziba, na maji yamejaa nyuma ya ukuta mpaka juu. Udongo ulio ndani ya maji unabaki na uzito wa karibu 10 kN/m³ na unasukuma 15 kN. Maji yenyewe yanasukuma 44 kN. Jumla ni 59 kN, zaidi ya mara mbili. Ukuta uliopewa usalama wa 1.5 dhidi ya kuteleza ukiwa mkavu hauna tena usalama wowote. Nyingi ya kuta zinazolala kwenye avenyu zetu kila msimu wa mvua zinaweza kuelezwa kwa hesabu hii fupi, na kundi linalowasilisha ukuta bila kuigusa halijafikia tokeo la kubuni, hata kama michoro yake inapendeza.

Kuna uovu mmoja wa kuziba mapema: kuchukua memwari ya zamani na kubadilisha jina la kata. Dai karatasi za awali za vipimo zilizoandikwa kwa mkono shambani, zenye tarehe, kordinati za GPS na sahihi ya aliyesimamia. Vipimo vilivyobuniwa vinajionyesha. Vinatoka laini mno.

Hatua ya 7: Pimeni, hifadhini, badilisheni

Alama ya jumla ya somo haikubaliki kama ushahidi wa tokeo, kwa sababu 12 kwa 20 inachanganya mambo mengi. Chagueni swali moja, au sehemu moja ya mradi, na liundieni ngazi nne. Kwa ukuta ule:

1. Hakugusa maji.
2. Ameyataja bila hesabu.
3. Amehesabu msukumo wa maji, akaweka matundu na tabaka la kokoto nyuma ya ukuta.
4. Zaidi ya hapo, amekagua hali ya matundu yakiziba na kueleza kwa nini alichagua kichujio kile.

Wekeni shabaha, tuseme 70% ya wanafunzi wafike ngazi ya 3. Tuseme mnapima 42 na wanaofika ni 25. Hiyo ni karibu 60%. Departema inakutana, inaandika sababu inayodhani (kwa mfano, maji ardhini yanafundishwa baada ya kuta, wakati yanatakiwa kabla), inabadilisha mpangilio, na mwaka unaofuata inapima swali la aina ile ile. Mzunguko huo mzima, kutoka kipimo hadi badiliko hadi kipimo kipya, ndio unaotafutwa. Muwe na miwili iliyokamilika kabla ya kuomba. Shabaha iliyofikiwa kila mwaka kwa kila tokeo inaleta shaka zaidi kuliko iliyokosekana ikashughulikiwa.

Angalieni sana kukamilishana kwa alama katika LMD. Mwanafunzi anaweza kuanguka kwenye udongo na misingi, akaokolewa na somo jingine ndani ya kundi moja, akatoka na kredi zote. Kwa sheria za masomo ni sawa. Kwa ithibati mmemtoa mtu asiyefikia tokeo. Njia rahisi ni kuweka masomo yenye P katika makundi ambayo hayaruhusu kuokolewa, au kuweka alama ya chini isiyovukwa.

Kwa kila P hifadhini kazi tatu: nzuri, ya kati, dhaifu. Ondoeni majina, andikeni namba. Iliyo dhaifu ndiyo muhimu kuliko zote, kwani inaonyesha mnaopitisha wanafika wapi. Skanini zote, nakala moja ibaki chuoni na nyingine mahali pengine kabisa.

Hatua ya 8: Walimu

Profesa mgeni anayekuja kutoka Kinshasa au Lubumbashi, akafundisha somo la semesta kwa siku kumi na kurudi, ni kawaida yetu. Mkaguzi haoni ubaya kwa mgeni; anauliza nani anamwongoza mwanafunzi akishaondoka. Mwekeeni kila mgeni asistanti wa kudumu anayeshika mazoezi na labo, na iandikwe. Wanaofundisha kubuni wawe wamesajiliwa kama wahandisi au wawe na elimu na uzoefu wa kubuni kweli. Programu isimtegemee mtu mmoja: kama kuna mtu ambaye akiugua masomo matatu yanasimama, tafuteni wa pili sasa.

Hatua ya 9: Faili na kalenda

Tuchukue kalenda ya ABET, kwa sababu ni kali kwa tarehe. Chuo ambacho hakijawahi kuwa na programu yenye ithibati yao kinapeleka kwanza faili ya utayari, mwisho tarehe 1 Oktoba. Ombi rasmi linafika kabla ya 31 Januari. Ripoti ya kujitathmini inafika kabla ya 1 Julai. Ziara inakuwa kati ya Septemba na Desemba, na uamuzi unachukuliwa Julai ya mwaka unaofuata. Lazima kuwe na angalau mhitimu mmoja kabla ya ziara. Kutoka faili ya utayari hadi uamuzi ni karibu miaka miwili, na mizunguko miwili ya vipimo inatangulia, kwa hiyo departema inayoanza kutoka sifuri ijipange kwa miaka minne au mitano. Ada zinalipwa kwa dola na zinabadilika. Ombeni bei ya mwaka husika kabla ya kuandika bajeti.

Ripoti ina sura nane: wanafunzi, malengo ya programu, matokeo ya masomo, uboreshaji wa kudumu, mtaala, walimu, vifaa, na msaada wa chuo. Viambatisho ni maelezo ya kila somo yasiyozidi kurasa mbili, wasifu wa kila mwalimu usiozidi kurasa mbili, orodha ya vifaa, na muhtasari wa chuo. Inaandikwa kwa Kiingereza. Msimkabidhi mtafsiri asiyejua ujenzi; «semelle» (msingi wa nguzo au ukuta) ikitafsiriwa kama ya kiatu, mkaguzi anapoteza imani na kurasa zote.

Mwandishi mkuu awe mmoja, mwenye saa zilizopunguzwa za kufundisha. Faili iliyogawanywa kwa walimu wanane bila mhariri inajipinga yenyewe: sura ya mtaala inasema kredi hizi, kiambatisho kinasema nyingine.

Hatua ya 10: Ziara na baada yake

Wakaguzi watazungumza na wanafunzi bila ninyi kuwapo. Msiwafundishe majibu, waonyesheni tu matokeo saba toka mwaka wa kwanza, ili waweze kueleza kwa maneno yao. Wataomba relevé (orodha za alama) za wahitimu wachache na kukagua kama kila mmoja alipita masomo yote yanayotakiwa, hasa waliohamia kutoka chuo kingine. Wataingia labo na kuomba mtu awashe kifaa.

Siku ya mwisho wanasoma waliyoyaona. ABET ina maneno matatu: upungufu, maana yake kigezo hakijatimizwa, udhaifu, kinatimizwa bila nguvu ya kutosha, na wasiwasi, kinatimizwa sasa ila kinaweza kuteleza. Mna siku 7 za kusahihisha makosa ya ukweli tu, na siku 30 za kujibu rasimu baada ya kuipokea. Katika jibu wekeni yaliyokwisha kufanyika: ankara ya kifaa, cheti cha presi, barua ya kuajiri. Ahadi haibadilishi neno.

Muda mrefu kabisa ni miaka 6. Mara nyingi programu mpya inapewa miwili na kuombwa ripoti, si aibu. Katika muda huo chuo kinatakiwa kutangaza hadharani malengo, matokeo ya masomo, na idadi ya wanaoingia na wanaomaliza kila mwaka. Matangazo yaseme programu ipi ina ithibati. Kibango cha «chuo chetu kina ithibati ya kimataifa» ni uongo hata pale programu moja inayo kweli.

Kazi ya mwisho ni ya aparitera (mtunza kumbukumbu za wanafunzi) na sekretarieti. Kwa desturi tuliyoirithi kutoka Ubelgiji, «ingénieur civil» anaweza kuwa wa migodi, metaliji au umeme, wakati nje ya hapa wengi watasoma jina hilo kama la mtu wa majengo na madaraja. Diplome na relevé ziandike filieri kamili, herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye barua ya uamuzi. Barua hiyo pia inataja tarehe ithibati inapoanza. Waliomaliza kabla yake hawahesabiwi, na aparitera ndiye atakayeulizwa na mwajiri wa kwanza atakayepiga simu.